Steghide: nilivyomficha mama ndani ya rekodi ya udi

Mdogo wangu yuko Maskati. Alipotangaza uchumba nikaamua kumtumia rekodi ya udi ya dakika nne, na humo ndani nimfichie sauti ya mama akimtania kuhusu mahari. Nikachukua Steghide, programu ya bure iliyobaki kwenye toleo la 0.5.1 tangu 2003. Haina vitufe wala madoido: unaandika amri, unaweka neno la siri, basi.

Faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, lenye ubora wa CD hubeba sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kulia na kushoto, kila moja biti 16, yaani tarakimu 16 za 0 au 1. Biti ya mwisho ni ndogo mno, sikio halina habari nayo. Programu nyingi za aina hii huifuta tu na kuandika yao. Steghide ni mjanja zaidi: inapowezekana, hutafuta sampuli mbili zibadilishane thamani, hivyo anayehesabu kila thamani imejitokeza mara ngapi katika faili zima haoni pengo. Rekodi yangu ya MB 42 ilikuwa na nafasi ya zaidi ya MB 1. Mama hakufika hata KB 300.

Usiku nikavaa hedifoni, nikasikiliza pale udi unaponyamaza kabla ya kibwagizo. Hola. Feni ya chumbani iliyoingia kwenye rekodi ilivuma kuliko siri yenyewe.

Sasa kero. Usipotaja jina la faili jipya kwa -sf, inaandika juu ya lile la asili. Nilipona kwa sababu nilikuwa na nakala kwenye flashi. Kosa la pili ni langu mwenyewe: niliona MB 42 zitamla bando, nikaligeuza kuwa MP3. Na MP3 hutupa kwanza yale ambayo sikio haliyasikii, ndipo hasa mama alipojificha! Mdogo wangu akalirudisha kuwa WAV, akahangaika jioni nzima, kila akijaribu anaambiwa neno hilo halitoi chochote. Nikatuma WAV lenyewe kama dokumenti, mara likafunguka.

Kwa siri nzito, weka neno refu la kwako mwenyewe. Kuna Stegseek, programu ya kubahatisha neno la siri la Steghide, ambayo hupitia orodha ya rockyou, maneno ya siri yaliyovuja zaidi ya milioni 14, kwa sekunde chache tu. Kwa utani wa mahari, Steghide inatosha.

Juzi naye kanitumia WAV la kasida, bila maelezo. Neno la siri hataki kunipa. Jina la mchumba nimeshalijaribu.