Dhamana ya trekta jipya: kazi ya wakala na kazi ya fundi wako

Trekta ninalolizungumzia ni la nguvu ya farasi 75, la magurudumu mawili yanayovuta, na linafanya kazi Kiteto, katika shamba langu na katika mashamba ya watu wanaolikodi. Nililinunua likiwa jipya kwa wakala ambaye tawi lake la karibu liko Dodoma mjini. Sitataja jina la wakala wala chapa, kwa kuwa masharti aliyonipa hayatofautiani sana na yale niliyoyaona katika vitabu vya majirani waliokwenda kwa mawakala wengine. Trekta lenyewe sina ugomvi nalo. Ninachokipima hapa ni dhamana yake, na hasa lile swali ambalo kila mnunuzi huulizwa na wenzake siku anapolishusha kwenye lori: je, fundi wetu wa hapa akiligusa, dhamana imekufa?

Dhamana yangu ilikuwa ya miezi 12 au saa 1,000 za injini, kimojawapo kitakachotangulia. Maneno hayo mafupi ndiyo yanayobeba mkataba mzima, na wengi husoma miezi tu. Huku tunalima kwa msimu mmoja wa mvua, na trekta la kukodisha likishaanza kutifua halipumziki hadi mbegu ziwe ardhini. Likifanya kazi saa 10 kwa siku, saa 50 za kwanza hutimia siku ya tano, saa 250 hutimia siku ya 25, na saa 1,000 hutimia siku ya 100 ya kazi. Kwa hiyo anayelimia ekari zake chache ana dhamana ya mwaka mmoja kweli, lakini anayekodisha huenda akaimaliza mapema zaidi huku akiamini kwamba bado anayo. Tena ratiba ya sevisi, kwa kuwa inahesabiwa kwa saa, humwangukia katikati ya msimu, wakati ambao kila siku ya kusimama ni ekari za mtu zilizokosa plau.

Sevisi ya saa 50 ilifanywa na fundi wa wakala, na katika huduma yote niliyopewa hiyo ndiyo ninayoisifu bila kusita. Alikinga oili ya gia boksi katika beseni jeupe, akaiacha itulie, kisha akapitisha sumaku chini ya beseni hadi unga mwembamba wa chuma ukajikusanya mahali pamoja kama masizi. Alimweleza dereva wangu kwamba unga ule ni wa kawaida katika gia mpya ambazo meno yake bado yanazoeana, na kwamba cha kutisha ni vipande vinavyoshikika kwa vidole. Alibadilisha oili ya injini na filta yake, akakaza nati za magurudumu, akapima mchezo wa pedali ya klachi, akaangalia maungio ya ekseli ya mbele, kisha akajaza kitabu, akaandika saa zilizosomeka kwenye mita, akapiga mhuri. Kazi hiyo asinyang'anywe wakala hata kama nauli ya fundi wake inauma, kwa sababu kasoro ya kiwandani, ikiwapo, mara nyingi huanza kujionyesha katika saa hizo za mwanzo, na ni vyema wa kwanza kuiona awe yule anayewajibika kuilipia.

Saa 250 zilipokaribia mambo yakawa mengine. Niliwapigia simu mapema, nikaambiwa mafundi wote wako safarini na foleni ni ndefu, nami nikiwa na wateja waliokwisha kulipa malipo ya awali. Sevisi ya hatua hiyo kwa trekta kama langu ni kumwaga oili ya injini, kufunga filta mpya, kusafisha filta ya hewa, kutoa maji kwenye kichujio cha dizeli, kupaka grisi na kukagua mkanda wa feni. Hakuna kompyuta ya kuunganishwa wala kifaa ambacho fundi mzuri hana. Nilimpa kazi fundi wa mji wetu wa Kibaya aliyesomea ufundi wa zana za kilimo katika chuo cha ufundi stadi cha VETA, nikanunua oili ya daraja lililoandikwa kitabuni na filta halisi kutoka dukani kwa wakala yuleyule, nikahifadhi risiti, na fundi akaandika tarehe, saa za mita na jina lake katika ukurasa husika.

Baadaye pampu ya haidroliki ikaanza kulegea, mikono ya kunyanyulia ikawa inashuka yenyewe plau ikiwa juu. Wakala alijibu kwamba dai langu halipokelewi kwa kuwa sevisi ya saa 250 haikufanywa na fundi wake. Nilimwomba anionyeshe kifungu. Kitabu kilisema sevisi zifanywe kwa wakati, kwa vilainishi na filta zilizoidhinishwa, na ziwekewe kumbukumbu. Kilisema pia kwamba matengenezo yanayodaiwa chini ya dhamana yafanywe na wakala. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hapo ndipo wauzaji wengi, kwa makusudi au kwa mazoea, huyachanganya. Mbali na hayo, oili ya injini iliyobadilishwa haikuwa na njia ya kuifikia pampu, ambayo katika trekta hili hulainishwa na oili ya gia boksi. Baada ya barua yangu yenye picha za kurasa, risiti na mita, pampu ililetwa bila malipo. Nauli ya fundi na posho yake nililipa mimi, na hilo sikulipinga, maana kitabu kilisema wazi kwamba dhamana inagharimia kipuri na ufundi pekee.

Mkulima aliyeambiwa kwamba dhamana imefutwa, wakati karatasi haisemi hivyo, hana haja ya kunyamaza. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ndiyo inayopokea malalamiko ya aina hiyo. Asidhani pia kwamba wenzetu wa mbali wamekwisha kulimaliza suala hili. Marekani ina sheria ya dhamana ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975, inayomzuia mtengenezaji kulazimisha fundi au vipuri vya chapa fulani kuwa sharti la dhamana isipokuwa avitoe bure, lakini inahusu bidhaa za matumizi ya nyumbani, na mashine za shamba kwa kawaida ziko nje yake. Jimbo la Colorado lilipitisha mwaka 2023 sheria ya peke yake ya kuwapa wakulima na mafundi huru haki ya kupata vitabu, vipuri na programu za kurekebishia mashine za kilimo, na mwezi Januari 2025 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ikaishtaki Deere & Company kwa madai ya kuwafungia wakulima milango ya matengenezo. Kwa trekta lenye mifumo ya kielektroniki inayohitaji programu kama hizo, basi, jibu langu la saa 250 huenda lisifae.

Kuna jambo jingine ambalo kitabu cha dhamana hakilisemi, nalo ni uhai wa aliyeitoa. Ursus ya Poland, ambayo matrekta yake yaliunganishwa Kibaha katika mradi wa Shirika la Maendeleo la Taifa, ilitangazwa kufilisika mwaka 2021. Mwenye trekta la namna hiyo hutegemea fundi anayelijua na duka lenye spea, mhuri uwe wa nani.

Kwa huduma hii kwa jumla, naipa sevisi ya mwanzo alama za juu, foleni ya msimu alama za chini, na ushughulikiaji wa madai naupa wastani, kwa sababu haki ilipatikana lakini kwa kusukumana. Grisi, hewa, maji na oili ya injini nitaendelea kumwachia fundi wa Kibaya. Gia boksi, pampu ya dizeli, klachi na chochote chenye lakiri ya kiwanda kitamsubiri wakala hadi dhamana iishe, hata kama trekta litasimama. Nikinunua la pili, nitataka ankara iandikwe, kabla sijalipa hata shilingi, kwamba fundi mwenye cheti anaruhusiwa kufanya sevisi za kawaida kwa filta halisi, na kwamba fundi wa wakala atafika ndani ya siku zitakazotajwa kwa tarakimu. Atakayekataa kuyaandika hayo nitakwenda kwa jirani yake.