Deki ya VHS, king'amuzi na konsoli kupitia risiva moja: uzoefu wangu

Nilinunua risiva hii ya sinema ya nyumbani kwa sababu runinga yangu ina matundu ya HDMI peke yake, na nusu ya vyombo vyangu ni vya enzi za kabla ya HDMI. Deki ya VHS inatoa picha kwa waya wa njano. Deki ya DVD inatumia nyaya tatu, kijani, bluu na nyekundu. King'amuzi, kijiti cha filamu za mtandaoni na konsoli ya gemu ndivyo vyenye HDMI. Nilitaka vyote viingie nyuma ya risiva, utoke waya mmoja kwenda kwenye runinga, na sauti ya kila kitu isikike kwenye spika tano na sabufa. Nimelipata hilo, isipokuwa kwa picha ya konsoli, na nimeridhika, ingawa si kila chombo kimenufaika kwa kiwango kimoja.

Nianze na vyombo vya zamani, maana hivyo ndivyo vilivyonifanya nichague risiva hii nikaacha nyingine. Kuwepo kwa tundu la njano nyuma ya risiva hakutoshi. Zipo risiva ambazo picha ikiingia kwa waya wa njano hutoka kwa waya wa njano tu, na ikiingia kwa nyaya tatu za rangi hutoka kwa nyaya tatu tu. Ukiwa na risiva ya namna hiyo na runinga kama yangu, umekwama. Yangu huigeuza picha ya analojia kuwa dijitali na kuitoa kwa HDMI. Kinyume chake haiwezekani: kilichoingia kwa HDMI hakitoki kwa waya wa njano, kwa hiyo usinunue risiva ukitegemea kuilisha runinga ya chogo iliyoko chumba kingine. Kwenye mwongozo wa matumizi huwa kuna jedwali linaloonyesha kipi kinaingia wapi na kinatokea wapi. Lisome hilo kabla hujalipa. Maelezo ya kwenye boksi hayafiki huko.

DVD imependeza sana. Nyaya tatu zile hutenganisha mwangaza na rangi, wakati waya wa njano huvichanganya vyote pamoja, na tofauti inaonekana kwa macho: kingo za maandishi ni kali, nyekundu haivuji pembeni. Waya wa kijani ndio unaobeba mwangaza. Ukiuchomeka huo peke yake utaona picha kamili ya nyeusi na nyeupe, na hiyo ni njia nzuri ya kupima kama tundu linafanya kazi kabla ya kulaumu deki. Nyuso zikitoka na rangi za ajabu, angalia kama bluu na nyekundu zimepishana.

VHS ina mambo yake. Chini kabisa ya picha kuna utepe mwembamba wa mistari iliyopinda inayochezacheza. Utepe huo umekuwepo siku zote kwenye kanda, ila runinga za chogo zilikuwa zinakata kidogo pembe zote nne za picha na kuuficha. Risiva inakuonyesha kila kitu. Pia ilikuja imepangwa kuivuta picha ijaze skrini nzima, watu wakawa mapande ya watu. Nikaingia kwenye menyu ya picha nikachagua uwiano wa 4:3, na sasa pembeni kuna weusi lakini sura ni za binadamu wa kawaida. Kinachoniudhi kweli ni kanda zilizochoka. Runinga ya chogo ingeyumbisha picha kidogo na kuendelea, ila risiva ikishindwa kuifuata mawimbi yanayoyumba hukata kabisa, skrini inakuwa nyeusi, kisha picha inarudi. Kwa mtu mwenye kanda za harusi na misiba ya familia hili linauma, kwa sababu sehemu zilizochoka zaidi mara nyingi ndizo zilizorudiwarudiwa kutazamwa.

Mashine za gemu za zamani sishauri kabisa uzipitishe huku. Nyingi hutoa picha ya 240p, yaani mistari 240 inayochorwa yote kwa mpigo, na risiva kama hii huichukulia kuwa 480i, yaani mistari 480 inayochorwa nusu nusu kwa zamu. Vitu vinavyometameta kwenye gemu vinatoka na mistari kama meno ya kitana, na kitufe unachobonyeza kinachelewa kuitikiwa.

Upande wa HDMI mambo ni mepesi, ila kuna mpangilio mmoja uliofichwa. Matundu ya HDMI ya risiva yalikuja kwenye hali ya kawaida, ambayo haipitishi 4K ya fremu 60 kwa sekunde yenye HDR (mwangaza na rangi za kiwango kipana zaidi) kwa ukamilifu wake. Inabidi uingie kwenye menyu, tundu kwa tundu, uchague hali iliyoongezwa, na ufanye vivyo hivyo kwenye runinga. Risiva hii ni ya HDMI 2.0, kiwango kilichotoka mwaka 2013 chenye uwezo wa gigabiti 18 kwa sekunde. King'amuzi na kijiti havihitaji zaidi ya hapo. Inatambua pia HDCP 2.2, ule ulinzi wa filamu za 4K. Chombo kimoja tu njiani kikikosa ulinzi huo, filamu hushuka hadi 1080p au skrini inabaki nyeusi, kwa hiyo ukinunua risiva iliyotumika uliza hilo mapema.

Konsoli nimeichomeka moja kwa moja kwenye runinga. Ina uwezo wa 4K ya fremu 120, na hiyo inataka HDMI 2.1. Sauti yake inarudi kwenye risiva kwa eARC, kupitia waya uleule unaopeleka picha kwenye runinga, na haipunguzwi ubora. Waya wa optiko usingeweza kubeba sauti hiyo isiyopunguzwa. Wenyewe unaishia kwenye Dolby Digital na DTS za kawaida, miundo ya sauti iliyobanwa. Naona hii ndiyo njia bora kwa yeyote mwenye risiva nzuri isiyo na 2.1: acha chombo kimoja kiende kwenye runinga, usiitupe risiva.

Sauti kupishana na midomo nimekutana nako kwenye VHS tu, kwa kuwa kuigeuza picha kunachukua muda. Risiva ina sehemu ya kuichelewesha sauti kwa milisekunde, na inakumbuka kipimo cha kila tundu peke yake. Kwa hilo naipa alama zote.

Ikiwa imezimwa, bado inapitisha picha na sauti ya HDMI hadi kwenye runinga, hivyo anayetaka taarifa ya habari tu hawashi spika. Itabidi uiruhusu kwenye menyu, na itakula umeme kidogo hata ikiwa imelala. VHS na DVD haziwezi kupita hivyo. Picha zake lazima zigeuzwe kwanza, na kwa hilo risiva iwe inawaka.