Programu ya kunakili CD: ile tiki ya kijani ni ya uongo
Nyota mbili. Nilitaka kutoa moja, nikakumbuka kwamba ni ya bure.

Nina CD zipatazo 200 na redio ya kuzichezea imeanza kugoma, nikaona nizihamishie zote kwenye kompyuta. Programu hii niliisikia ikisifiwa: unaingiza CD, unabofya mara moja, ikimaliza inaitema yenyewe. Kweli, kutema inajua. Siku za mwanzo nilifurahi kama mtoto. Dakika chache tu albamu nzima imeingia, tiki ya kijani, "Imekamilika", haya lete nyingine.

Kituko cha kwanza kilinichekesha. CD nyingi za muziki hazina majina ya nyimbo ndani yake, kwa hiyo programu huangalia nyimbo ni ngapi na kila mmoja una urefu gani, halafu inakwenda kuuliza kwenye hifadhidata ya intaneti. CD mbili zikifanana vipimo, imekula kwako. Kwaya yangu ikasajiliwa kama bendi ya magitaa ya kupasua masikio, na picha ya fuvu juu. Hilo nikasamehe, nikaandika majina kwa mkono.

Nisichosamehe ni wimbo wa saba. Wiki kadhaa baadaye naosha vyombo huku nasikiliza wimbo ambao najua hadi mwimbaji anapovuta pumzi. Anakaribia kiitikio, mara: tk, tk-tk, kama mtu anavunja vijiti. Nikakausha mikono, nikarudisha nyuma. Tk, tk-tk. Nikafungua programu kuangalia: tiki ya kijani. Nikajaribu albamu nyingine, nayo ya kijani, na wimbo wa pili unaruka.

Imekamilika nini sasa? Kumbe waliotengeneza wameiacha isome CD mara moja tu, mbiombio. Ikikuta mkwaruzo, draivu (kile kifaa cha kompyuta kinachosoma CD) inabahatisha sauti iliyokuwepo pale na programu inapokea bila swali. Njia ya kusoma kwa uangalifu ipo, ile ya kurudia kila kipande na kulinganisha, ila wameificha ndani kabisa ya mipangilio, tena imezimwa! Afadhali ingeniambia "wimbo wa saba umenishinda". Ningeelewa.

Basi nikaiwasha. Nikaifuta ile CD kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, na safari hii nikachagua kuhifadhi nyimbo kama faili za FLAC badala ya MP3, maana FLAC haipunguzi chochote kwenye sauti na sina nia ya kuifanya kazi hii mara ya tatu. Ilichukua karibu nusu saa, draivu ikinguruma, ikipunguza mwendo, ikirudi palepale. Wimbo wa saba ukatoka safi, pumzi zote zipo. Programu ikalinganisha hata na matokeo ya watu wengine walionakili CD hiyohiyo, yakalingana. Haki ya Mungu, nilikaribia kuongeza nyota ya tatu.

Halafu nikageuka nikaliona rundo la CD "zilizokamilika". Zaidi ya mia. Ipi nzima, ipi mbovu, nitajuaje, na zote ni za kijani?

Nyota zinabaki mbili. Nimeshaanza kuzirudia, kwa programu hiyohiyo.