Unarisiti Fizikia ya Kidato cha 6? Vitabu vya Kununua Dar, Kuanzia cha Kwanza

Mtahiniwa wa kujitegemea hana mwalimu wa kumuuliza saa nne usiku. Kwa hiyo nimevipanga vitabu hivi kwa kigezo kimoja: je, kinakuonyesha njia ya hesabu mpaka mwisho, na kina majibu ya kujisahihishia?

1. University Physics ya OpenStax
Inatoka Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Juzuu tatu, zote bure kupakua, na kalkulasi (difarensiesheni na intigresheni) imo tangu sura za mwanzo. Gharama yako ni bando na kuprinti. Usiprinti zote. Juzuu ya 1 ni mekanika na mawimbi, ya 2 ni joto, umeme na sumaku. Chagua sura unazozihitaji, weka kwenye flashi, peleka steshenari wakuprintie na kukubaindia. Nyuma kuna majibu ya maswali ya namba witiri: fanya la 21, jisahihishe, kisha pambana na la 22 peke yako.

2. Halliday na Resnick, cha mtumba
Toleo la zamani lisikutishe, mekanika ni ileile. Ila kabla hujatoa hela kwa muuza vitabu pale Posta, fungua sura ya mwendo wa mzunguko uitafute fimbo. Kitabu cha kukufaa hakiishii kukupa momenti ya inesha ya fimbo kwa mhimili wa katikati, ML²/12 (M ni tungamo lake, L urefu wake), kwenye jedwali. Kinaikata fimbo vipande vya urefu dx, kila kimoja na tungamo (M/L)dx, kinazidisha kwa x², kisha kinaintigreti kutoka −L/2 hadi L/2. Mhimili ukihamia nchani, mipaka inakuwa 0 hadi L, jibu ML²/3. Ukiielewa hiyo, hata swali lililogeuzwa halikushindi. Kitabu chochote kipime hivyohivyo.

Kagua pia kurasa za majibu, usije ukauziwa kilichochanwa nyuma. Kama ni kopi, soma vipeo: 10⁻⁸ na 10⁻⁶ visifanane.

3. Kitabu cha Taasisi ya Elimu Tanzania
Hiki ni cha lazima, ila hakitoshi peke yake. Op-ampu (vikuza ishara vya elektroniki), mageti ya lojiki na fizikia ya mazingira hutavipata kwa namna ya mtihani wetu kwenye vile viwili vya juu.

4. Nelkon na Parker
Kizuri kwa mwanga na maelezo ya majaribio. Kalkulasi yake ni ndogo.

Uliyesoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) ukaishia BAM, yaani hisabati ya msingi (Basic Applied Mathematics), tenga kwanza hela ya kitabu cha hisabati chenye difarensiesheni na intigresheni. Bila hivyo, namba 1 na 2 zitakukatisha tamaa bure, na akili unayo.

5. Pamfleti
Nimeziweka mwisho kwa sababu nyingi hurukia jibu. Nunua ile tu yenye mitihani iliyopita ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) na hatua zote za ukokotoaji. Fanya swali zima kwenye daftari ndipo ufungue ukurasa wa majibu.