Stroberi za Florida au za California?

Ukiwa Marekani mwezi Januari, chukua za Florida. Mashamba ya Plant City, karibu na Tampa, huvuna kuanzia Desemba hadi Machi, wakati kule Watsonville, California, bado ni baridi na mavuno ni haba. Shida ya Florida ni mvua na joto: tunda hulainika na kuota ukungu upesi. Geuza kikasha uangalie chini; ukiona majimaji mekundu, kiache.

Kuanzia Aprili mimi huchukua za California tu. Jimbo hilo hutoa takriban asilimia 90 ya stroberi za nchi nzima, na upepo baridi wa Pasifiki hulifanya tunda liive polepole, likajaa utamu. Lakini likiwa jeupe karibu na kikonyo, usinunue: stroberi ikishachumwa haiongezi sukari.