Nta ya krimu: nilivyoiona kazini hapa Goma

Nta hii ya kuunganisha mafuta na maji huja kama chembe nyeupe, na lebo yake husema Cetearyl Alcohol na Polysorbate 60. Hiyo ya kwanza isikutishe: si pombe inayokausha ngozi, ni alkoholi ya mafuta, nayo huipa krimu uzito. Ya pili ndiyo hasa inayounganisha. Upande mmoja wa molekuli yake hupenda maji, wa pili mafuta, basi hukaa mpakani na kuzuia matone ya mafuta yasirudiane.

Ninachokichukia ni mifuko isiyo na lebo. Muuzaji akisema ni nta ya krimu, ijaribu: yeyusha kijiko kimoja kwenye glasi ya maji ya moto sana, koroga. Ya kweli hugeuza maji kuwa meupe kama maziwa. Nta ya nyuki au ya mshumaa huelea juu na kuganda kama kisahani, usiilipie.

Kwa gramu 200 ninapima hivi: maji safi 144, gliserini 6, mafuta ya avoka 36, nta 12, kihifadhi cha fenoksiethanoli 2. Pima kwa mizani, kijiko kitakudanganya. Maji na gliserini sufuria moja, mafuta na nta nyingine, zote zifike nyuzi 70 hadi 75 na zikae humo dakika 20. Pima maji tena, uongeze yaliyopotea kwa mvuke. Kisha changanya kwa mashine ya mkono dakika mbili au tatu, endelea kukoroga polepole mpaka ipoe. Kihifadhi kiingie chini ya nyuzi 40. Ukikiacha, krimu yenye maji huota ukungu hata kama inanukia vizuri.

Jioni za Goma ni za baridi, na hapo wengi huharibu: maji yakiwa yamepoa, nta huganda ghafla na krimu hutoka na punje. Usiitupe, ikiwa kihifadhi hakijaingia, rudisha yote kwenye nyuzi 70 na ukoroge upya. Ikitengana baada ya siku chache, mara nyingi nta ilikuwa kidogo: robo ya uzito wa mafuta ndicho kiwango cha kuanzia, na mimi huenda hadi theluthi. Ukizidisha sana, krimu huacha mistari myeupe unapoipaka.

Ikiwa na lebo, nainunua tena bila wasiwasi.