"Karatasi ni Karatasi": Uzoefu Wangu na Daftari la Rangi za Maji

Sitaeleza ukubwa wa daftari hili, idadi ya kurasa zake wala rangi ya jalada lake, kwa maana hayo yamechapishwa nyuma yake na kila mtu anaweza kujisomea. Nitaeleza lile ambalo halikuchapishwa, nalo ni kwamba daftari lililouzwa kwa jina la daftari la rangi za maji halijui kukaa na maji hata kidogo, na kwamba kijana aliyeniuzia, katika duka moja la vifaa vya shule na ofisi hapa kisiwani Mombasa, alinitendea jambo ambalo nikilikumbuka nikiwa jikoni huweka kisu chini kwanza.

Nilianza kujifunza kuchora katika umri ambao wenzangu wanalea wajukuu. Sikuwa na mwalimu. Nilitazama video kwenye simu usiku, na asubuhi nikajaribu niliyoyaona. Nia yangu haikuwa kuuza picha. Nilitaka shajara: kila siku kitu kimoja nilichokiona, na pembeni yake mistari miwili mitatu ya maandishi. Nilichora birika la muuza kahawa, mnara wa msikiti wa Mandhry unaochongoka kuelekea juu, na kuta za Fort Jesus, ambazo asubuhi huwa na rangi ya mchanga na jioni zikawa kama embe lililoiva. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba katika rangi za maji nyeupe haipakwi. Nyeupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Mchoraji huanza na rangi hafifu akaelekea kwenye iliyokoza, na akikosea hana pa kujificha. Kwa hiyo anayekuuzia karatasi mbovu amekuuzia mwanga mbovu.

Mara ya kwanza nilipolowesha ukurasa ili nipake anga, nilitarajia buluu itambae polepole kama maji yanavyojaa katika mkondo wa Tudor. Badala yake ilizama papo hapo, ikaacha madoadoa meusi meusi kama ngozi yenye ukurutu, na kingo zake zikakauka kabla sijarudisha brashi kwenye kikombe. Nikafikiri nimetia maji machache. Nikaongeza, na ukurasa ukaanza kuchubuka na kutoa vinyweleo. Nikafikiri brashi ni mbaya, kisha nikafikiri rangi ni mbaya, na mwishowe nikafikia uamuzi ambao wanafunzi wengi huufikia haraka kuliko inavyostahili, kwamba mkono wangu ni mzito na Mungu hakuniandikia kazi hii. Kurasa kumi na moja zilikwenda hivyo, tangu baada ya Idi mpaka kusi kuanza kuvuma.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, ambaye bintiye alikuwa na kipande cha karatasi nzito ya pamba, ile ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kilichobaki kutoka chuoni. Nilipaka anga ile ile, kwa mkono ule ule na rangi zile zile, na buluu ikatulia juu ya karatasi, ikanisubiri. Nilikaa naitazama nikaona haya kwa jinsi nilivyokuwa nimejitukana.

Baadaye ndipo nilipojua sababu. Karatasi kwa asili yake hunyonya maji kama kitambaa, na ili ifae kwa rangi za maji ni lazima itiwe dawa ya kuzuia unyonyaji huo, ambayo tangu zamani ni gelatini inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. (Najua wasomaji wengi wa Mombasa wataniuliza ni wanyama gani. Nami niliuliza, vipo viwanda vinavyotumia wanga au dawa za kutengenezwa, kwa hiyo asiyeridhika ana pa kukimbilia.) Dawa hiyo huharibiwa na unyevu. Karatasi iliyokaa muda mrefu mahali penye hewa nzito ya bahari hupoteza kinga yake kidogo kidogo, hapa na pale, na hayo ndiyo madoa niliyokuwa nayaona. Huwezi kuyajua kwa kutazama, lakini tone moja la maji pembeni mwa ukurasa linatosha: likisimama kama ushanga, nunua, likizama, rudisha daftari mahali pake uende zako.

Nilikwenda dukani nikiwa na hoja hiyo, na nakiri nilikwenda kwa upole. Nilimwamkia, nikamweleza, nikamwomba kikombe cha maji nimwonyeshe. Hakukileta. Alisema, "Mamangu, karatasi ni karatasi. Watoto wa shule wote wananunua hapa, hakuna aliyelalamika. Labda ni mkono." Hilo ningelimeza, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeliamini kwa wiki kadhaa. Lakini akachukua daftari langu kutoka juu ya meza, bila ya ruhusa, akaanza kulifungua mbele ya wateja, na alipochoka na picha akasoma maandishi. Alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Mlango wa nyumba aliyozaliwa mama umepakwa rangi ya mafuta ya kijani. Sikuweza kuuchora." Wateja wawili wakacheka, kisha mmoja wao, mwanamke wa makamo, akanyamaza na kuangalia pembeni. Kijana hakunyamaza. Akanirudishia daftari na kusema, "Sasa mlango umekushinda wewe, karatasi imekosa nini?"

Nilitoka bila ya kumjibu. Nimekwisha kulitunga jibu mara nyingi tangu siku hiyo, na yote ni mazuri, na yote yamechelewa.

Basi hukumu yangu ni nyota moja. Nikitaka kuwa mwadilifu nitasema mbili, kwa sababu kwa penseli na kwa kalamu ya wino daftari hili halina ubaya, nyuzi za mshono wake ni imara, na huenda lilitoka kiwandani likiwa zima, likaharibikia kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua mchana na jasho la bahari usiku. Kosa hilo ni la hali ya hewa kama lilivyo la muuzaji. Hata mimi nyumbani nimejifunza kwa hasara: karatasi nzuri sasa naiweka katika kopo la biskuti lenye kifuniko kinachobana, na kijisanduku cha rangi sikifungi mpaka kikauke kabisa, kwa sababu nilikifunga kibichi mara moja nikakuta ukungu umeota juu ya manjano kama manyoya ya paka. Siwezi kumlaumu mtu kwa unyevu wa Mombasa. Lakini hakuna unyevu uliomsomesha maandishi yangu kwa sauti, na kwa hiyo narudi kwenye nyota moja, na ningeweza kutoa pungufu ningetoa.

Ila kuna jambo linalonivurugia hukumu hii, na nisipolisema nitakuwa nimedanganya. Siku chache baada ya tukio hilo, kwa hasira tupu, nilikwenda nikakaa kwenye baraza iliyokabili nyumba ile na kuuchora ule mlango, ndani ya daftari lile lile, ukurasa unaofuata ule aliousoma. Sikuipaka ile kijani. Nilipaka mbao kama mama alivyokuwa akiisimulia, rangi ya kahawia iliyochujuka, na karatasi ikafanya ufisadi wake wa kawaida: ikanyonya, ikatoa madoa, ikameza nusu ya nakshi. Nilipoitazama ilipokauka, madoa yale yalikuwa ndiyo chumvi. Yalikuwa ni mti mkuukuu uliopigwa na upepo wa bahari miaka na miaka, kitu ambacho kwenye karatasi ya pamba ya gramu 300 nisingekipata hata ningekesha. Ndiyo picha bora niliyowahi kuipaka. Sijui niipe nyota ngapi, na sitaki mtu yeyote anunue daftari hili kwa sababu ya ukurasa huo mmoja.

Wiki iliyopita nilihitaji brashi ya duara namba 8, nikazunguka mji mzima nisiipate. Nikamtuma mpwa wangu katika duka lile lile, nikamwonya asitaje jina langu. Alirudi nayo. Ncha yake imechongoka vizuri, inabeba maji mengi, na bei yake ni ya haki. Hilo nalo limeniudhi.